Daftari la Mzee Dakika

Baba yangu alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini, na mtaa mzima unamwita Mzee Dakika. Jina halikutoka kwenye ufundi wake. Ukichelewa kwenda kuchukua saa yako, alikuwa anakutajia umechelewa dakika ngapi kabla hujamaliza kumsalimia. Mimi nimerithi kwake macho yasiyoona mbali na ubishi, na vyote viwili vimenifaa kazini.

Kazi yangu ni kubuni chipu za vihisi. Ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni hesabu: kompyuta kumi na sita zimepangwa kwenye kabati la chuma katika chumba chenye baridi, zinakokotoa jinsi umeme mdogo wa moyo unavyopita kwenye misuli, mafuta na ngozi mpaka utokeze nje ukiwa hoi. Nusu ya pili ni kuchora chipu itakayousikia umeme huo bila kusikia mambo mengine. Chipu niliyokuwa naishughulikia wakati huo ni ndogo kuliko punje ya mchele. Inakaa ndani ya plasta inayobandikwa kifuani upande wa kushoto, na kila pigo la moyo inalirekodi pamoja na saa lilipotokea.

Hayo mambo mengine tunayaita kelele. Mtu akijikuna, akicheka, akinyanyua ndoo, chipu inasikia. Kwa hiyo niliandika programu ya kusafisha rekodi, nikaiita Fagio. Fagio haifuti kitu. Kila inachokidhania kuwa kelele inakizoa na kukimwaga kwenye folda inayoitwa Jalala. Folda hiyo sikuwa na kawaida ya kuifungua, maana nilikuwa na kazi nyingine za kufanya.

Kelele iliyotusumbua kuliko zote ilikuwa ukimya. Plasta ikilegea kidogo, chipu haisikii chochote kwa sekunde tatu au nne, kisha inasikia tena. Moyo ukisimama sekunde tatu au nne, mchoro unaotokea ni uleule. Chipu peke yake haiwezi kujua lipi ni lipi. Mwenzangu wa maabara ndiye aliyetoa dawa. Tunamwita Desimali, kwa sababu hugombana na watu juu ya tarakimu ya nne baada ya nukta. Alisema kila mvaaji apewe daftari, na akijisikia vibaya aandike saa. Fagio isome daftari. Ukimya ukiangukia ndani ya dakika kumi za maandishi, ubaki. Ukitokea bila maandishi, basi ni plasta imelegea, uende Jalala. Niliipenda sheria hiyo kwa sababu iliingia kwenye programu kwa mistari minne.

Tulihitaji wavaaji ishirini, tukapata kumi na tisa. Wa ishirini akawa Baba.

Alikuwa analalamika tangu mwaka uliotangulia. Alisema moyo unamnyamazia. Hakusema unamuuma wala unamwenda mbio. Daktari wa moyo alimpima mara mbili, na mara zote mbili moyo ukapiga vizuri, kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, Baba anaishi peke yake, na mimi niliona anatia chumvi. Nilimpa plasta ili tupate mtu wa ishirini. Hiyo ndiyo sababu, na sitaipamba.

Sasa, kuhusu saa. Yeyote anayesema lugha yetu ameshaiona hatari. Saa ya ukutani inaonyesha tisa, mdomo unasema tatu asubuhi. Tumezaliwa na jambo hili na hakuna anayejikwaa, lakini daftari si mdomo. Katika majaribio ya kwanza mvaaji mmoja aliandika siku nyingine kwa mdomo na siku nyingine kwa ukuta, tukapoteza rekodi za mwezi mzima. Safari hii nilijihami. Kila mvaaji alipewa saa ya mezani ya tarakimu, zote za aina moja, zinazohesabu mpaka ishirini na nne. Juu ya jalada la daftari nilibandika maelekezo niliyoyaandika mwenyewe: Andika tarakimu unazoziona kwenye saa hii. Usibadilishe chochote kichwani. Desimali alisema maelekezo hayana adabu. Nikamwambia adabu ndiyo iliyotupotezea mwezi.

Kwa Baba nilikwenda mwenyewe, nikamsomea kwa sauti. Alikuwa amekaa kwenye meza yake ya ufundi, ambayo aliihamishia sebuleni siku alipofunga duka. Bisibisi zake bado zimepangwa kwa ukubwa, na kila iliyotolewa inaacha nafasi yake wazi. Aliichukua saa yangu, akaigeuza, akaitazama mgongo.

"Hii ya plastiki," akasema.

"Inatosha, Baba. Ukijisikia vibaya, tazama hapa, andika hapa."

"Nikiona tisa niandike tisa?"

"Ukiona tisa uandike tisa. Usihesabu chochote kichwani."

"Hata kama ni saa tatu."

"Baba, tafadhali. Kichwani usibadilishe kitu."

"Haya, mama. Kichwani sitabadilisha kitu."

Alinijibu kwa sauti aliyokuwa akitumia kwa wateja wabishi. Niliitambua, nikaipuuza, kwa kuwa nilikuwa na wavaaji wengine wawili wa kuwapelekea plasta siku hiyo.

Wiki zikaenda. Kila Baba alipoandika, jirani yake, mama mmoja mshonaji, alipiga picha ukurasa na kunitumia kwa simu. Nami nilimpigia Baba kumuuliza maswali matano yaliyo kwenye fomu. Ilichukua muda gani? Ulikuwa umekaa au umesimama? Ulikuwa umekula? Ulisikia kizunguzungu? Kuna dawa uliyokunywa? Nilikuwa nayasoma mfululizo kama mtu wa kaunta. Baba alijibu moja moja, na kwa sababu isiyojulikana alikuwa akinirudishia.

"Ulikuwa umekaa au umesimama?"

"Nimekaa. Na wewe?"

"Baba, haya ni maswali ya utafiti."

"Ndiyo. Na wewe umekula?"

Sikuwa najibu. Fomu haina nafasi ya majibu yangu.

Mwishoni mwa wiki ya tatu niliweka maandishi yake kando ya rekodi ya chipu. Yalikuwa kumi na moja, na hakuna hata moja lililolingana. Mengi aliyaandika kati ya 01:00 na 06:00, yaani usiku wa manane mpaka alfajiri, na saa hizo chipu ilionyesha moyo wa mtu aliyelala, unaopiga polepole na sawasawa. Kulikuwa na ukimya mwingi mchana, lakini mchana daftari lilikuwa jeupe. Fagio ikauzoa wote.

Nilimpigia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Leo sijaandika kitu, mbona umepiga?"

"Nataka kujua usiku unalalaje."

"Nalala fofofo. Nikishaweka kichwa kwenye mto, mpaka jogoo."

"Huamki ukiwa na moyo umenyamaza?"

"Usiku? Hapana."

"Na unaandika kutoka kwenye saa niliyokupa?"

"Tarakimu kwa tarakimu."

"Hubadilishi kitu kichwani?"

"Nilishakuahidi."

Huyu ni mtu anayeandika kwamba moyo wake umesimama saa tisa na dakika kumi usiku, halafu anasema usiku huo alilala fofofo. Nilimweleza Desimali. Akasema labda anaota, akiamka anaandika, kisha anasahau. Tukaangaliana kama watu wenye huruma. Baba amekula chumvi nyingi, nikajisemea, na kumbukumbu imeanza kumpiga chenga.

Ndipo nikafanya jambo ambalo nalijutia kuliko yote. Daktari wa moyo alikuwa amepanga kumfunga Baba kifaa cha hospitali kwa wiki nzima, ili aone mwenyewe. Nilimpelekea rekodi yangu iliyosafishwa. Karatasi zilikuwa safi, mstari hauna pengo, pigo baada ya pigo. Akazipitia, akasema hizo ni nyingi kuliko ambazo angezipata yeye, na kifaa cha hospitali kinasubiriwa na wagonjwa wengine. Akamfuta Baba kwenye orodha.

Jioni hiyo nilimwambia Baba hana kitu. Nilitumia sauti ya upole, na sasa nikiikumbuka ile sauti naona haya.

"Chipu haijaona chochote," nikamwambia.

"Sawa, mama. Chipu ni yako."

"Si lazima uendelee kuandika."

"Uliniambia wiki tisa. Nitamaliza wiki tisa."

Akaendelea. Jirani akaendelea kutuma picha. Mimi nikaendelea kupiga, maana fomu zilitakiwa kujazwa, ila nilikuwa napiga huku natazama mambo mengine kwenye kompyuta. Wiki ya saba tulikuwa tunafunga mchoro wa chipu, sheria za Fagio zikiwa ndani yake, ili upelekwe kiwandani. Mchoro ukishafungwa haurekebishiki, na kosa lolote linachongwa kwenye vipande elfu kumi. Siku kumi na mbili Baba hakuandika chochote, na siku kumi na mbili mimi sikumpigia. Kisha yakaja maandishi mawili kwa siku mbili mfululizo, nikapiga, nikauliza yale matano. Nakumbuka alijibu kwa kirefu siku hizo. Nilimwambia afupishe.

Jumanne ya wiki ya tisa, mshonaji alinipigia simu asubuhi nikiwa chumba cha kompyuta. Baba alikuwa ameanguka kwenye mlango wa nyumba yake. Alimkuta ameegemea kizingiti, uso umempauka, ana jeraha juu ya jicho, na anamuuliza ni saa ngapi. Walimkimbiza hospitali.

Daktari yuleyule wa moyo alinikuta kwenye korido. Hakuwa na hasira, na hilo lilinisumbua zaidi.

"Bado amevaa plasta yako," akasema. "Chipu inasemaje?"

Nilifungua kompyuta palepale, nikiwa nimesimama. Fagio ilikuwa imeshapita. Mstari hauna pengo, pigo baada ya pigo.

"Inasema ni mzima," nikamjibu.

Akatazama skrini, akatazama mlango wa wodi, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Baba kumchukulia nguo. Jirani alikuwa amefagia mlangoni na kufunga madirisha. Niliyafungua. Jua likaingia mpaka kwenye meza ya ufundi, na pale katikati ya bisibisi kulikuwa na saa yangu ya plastiki na daftari lililo wazi. Nilitazama saa. Ilisema 03:52.

Nilidhani betri imeisha. Nikasimama kuitazama, ikageuka kuwa 03:53. Nikatazama simu yangu. Ilisema 09:53.

Nilikaa kwenye kiti chake, nikalivuta daftari.

Maandishi ya mwisho yalikuwa ya jana, mwandiko wake wa fundi, mdogo na ulionyooka. 04:06. Umenyamaza sana. Nakwenda kumwita jirani. Jana saa nne na dakika sita asubuhi. Mshonaji alinipigia dakika kumi na tano baadaye.

Nilimwambia asibadilishe kitu kichwani. Hakubadilisha kitu kichwani. Alibadilisha saa. Kwake, mtu anayesema saa nne na kuandika kumi anaandika uongo, na nilikuwa nimemzuia kuurekebisha uongo huo mahali pale pekee alipozoea kuurekebisha. Kwa hiyo akaichukua bisibisi ndogo kuliko zote, akafungua mgongo wa saa, na kuirudisha nyuma saa sita, ili jicho, mdomo na kalamu viseme jambo moja. Niliangalia. Skrubu moja ilikuwa na mkwaruzo mpya. Kitufe cha kurekebishia kilikuwa pembeni, lakini fundi saa hawezi kuamini kitufe.

Nilifungua kompyuta juu ya meza yake, nikaongeza mstari mmoja kwenye programu. Jumlisha saa sita. Kisha nikafungua Jalala kwa mara ya kwanza.

Ukimya wote ulikuwa humo. Wa sekunde tatu, wa nne, mmoja wa sekunde sita na nusu. Nikaanza kulinganisha, mmoja mmoja, kwa mkono, kwa kuwa sikuiamini tena Fagio. Aliandika 02:40, moyo ulisimama 08:38. Aliandika 05:15, moyo ulisimama 05:15 jumlisha sita, dakika ileile. Yeye alikuwa sahihi kuliko sheria yetu, ambayo ilimruhusu kukosea kwa dakika kumi. Wiki tisa mtu amekaa kwenye kiti hiki akiniambia moyo wake unasimama, anataja dakika, na mimi namjibu kwamba hana kitu. Nililia. Sikulia sana, maana daktari alikuwa anasubiri.

Nilimpelekea karatasi nyingine, hizi chafu. Alizitazama akiwa amesimama, kisha akakaa. Alisema moyo wa Baba una kitovu chake cha kuanzishia pigo, na hicho kimechoka, kinasahau. Ndiyo maana ukipimwa kwa dakika tano unaonekana hauna neno. Keshokutwa yake walimwekea kifaa kidogo chini ya ngozi, kinachosubiri moyo ukisahau ili kiukumbushe. Nilimuuliza daktari kifaa hicho kinajuaje kwamba ukimya ni ukimya. Akanitazama kidogo, akasema kiko ndani, hakina plasta.

Desimali nilimweleza yote. Hakucheka. Alikwenda kiwandani mwenyewe kuomba mchoro usimamishwe kabla haujachongwa, wakakubali, na tukaondoa ile sheria ya mistari minne. Wavaaji wengine kumi na tisa walipigiwa simu wote na kuulizwa saa zao zinasema saa ngapi. Zote zilikuwa sawa. Hakuna mwingine aliyekuwa na bisibisi.

Hesabu ya mwisho ya Baba ilikuwa hivi: maandishi arobaini na matatu, arobaini na moja yamelingana na rekodi. Mawili hayakulingana. Siku hizo mbili moyo wake ulipiga vizuri kutwa nzima, hata Jalala lilikuwa tupu. Desimali alitaka maelezo. Arobaini na moja kwa arobaini na tatu, akasema, ni asilimia tisini na tano nukta tatu nne nane nane, na hizo nyingine zimekwenda wapi?

Nilikwenda kumuuliza Baba wodini. Alikuwa amekaa kitandani, ana bandeji kifuani na plasta juu ya jicho, na saa ya ukutani ya wodi alikuwa ameshamwambia muuguzi kwamba inachelewa dakika mbili. Nilimwonyesha kurasa.

"Haya yote yako sawa," nikasema. "Haya mawili hayalingani na kitu. Siku hizi ulijisikiaje?"

Alivaa miwani, akazitazama tarehe. Hakuhitaji kufikiri.

"Hayo usiyahesabu. Hayo nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa hujapiga siku kumi na mbili."

Alilisema kama anavyotaja ubovu wa saa ya mteja, bila kulaumu. Mimi nilitazama karatasi. Ndizo zile siku mbili nilizomwambia afupishe majibu.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nimeharibu hesabu yako."

"Hujaharibu, Baba."

Kwenye ripoti niliandika kwamba maandishi mawili yametolewa kwa kosa la mtafiti. Desimali aliuliza kosa gani. Nikamwambia aache hivyohivyo.

Baba alirudi nyumbani. Saa ya plastiki bado iko mezani kwake na bado inasema anavyotaka yeye. Jumamosi ya kwanza nilimpigia nikiwa maabara, saa tano asubuhi. Aliipokea haraka.

"Kuna nini? Mimi sijaandika kitu."

"Najua."

Akanyamaza. Kwa mazoea nikahesabu, sekunde moja, mbili, tatu, nne.

"Ulikuwa umekaa au umesimama?" nikamuuliza.

"Nimekaa. Na wewe?"

Nilivuta kiti.

"Nimekaa, Baba. Ila sijala."